Fundi alifomati kompyuta, sasa sina rekodi za mishahara

SWALI

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Kariobangi.

Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Light Industries. Tuko na wafanyakazi 14: wakataji, washonaji, wa kupiga pasi na kijana wa kupelekea wateja mizigo. Mishahara yetu imekuwa ikipangwa kwa Excel kwenye kompyuta ya ofisi. Aliyeanzisha utaratibu huo ni karani wetu, msichana mwangalifu sana, ambaye sasa ameolewa na kuhamia Mombasa. Alipoondoka alinionyesha kila kitu, nami nimekuwa nikiendelea vilevile alivyoniachia.

Majuzi stima ilipotea usiku, ikarudi kwa kishindo. Asubuhi kompyuta ikawa inafika kwenye nembo ya Windows kisha inazima. Mpwa wangu akaipeleka kwa fundi mjini. Ilirudi ikiwaka vizuri, ina Windows mpya, lakini ndani hamna hata faili moja yetu. Fundi anasema ilibidi aifomati. Flashi ya akiba tuliyo nayo inaishia Desemba 2022. Kuanzia hapo hadi mwezi uliopita sina orodha yoyote: nani alilipwa ngapi, nani alichukua advansi, nani alienda likizo lini.

Wafanyakazi wananidai fomu za P9, zile za mshahara na kodi ya mwaka mzima, za mwaka uliopita ili wapeleke ritani zao kwa mamlaka ya kodi, KRA, kabla Juni haijaisha. Kisha kuna mkataji aliyeacha kazi, ameniletea barua ya wakili akisema hakuwahi kulipwa ovataimu wala siku za likizo. Najua nilimlipa, lakini nitaonyesha nini? Na mwisho wa mwezi huo unakuja.

Shemeji yangu mwenye biashara Gikomba ananiambia nisijisumbue. Nichape orodha za miezi yote kwa makadirio, niweke tarehe za wakati ule, wafanyakazi watie sahihi, mambo yaishe. Moyo wangu unakataa, ila sioni njia nyingine. Je, ipo? Na naweza kuwaomba wafanyakazi wasubiri mshahara wa mwezi huu mpaka nipate rekodi?

Mama Sare, Kariobangi

JIBU

Mama Sare, pole sana. Kabla hujaendelea kusoma, izime hiyo kompyuta na uiache imezimwa.

Diski ikifomatiwa kwa haraka, kama mafundi wengi wanavyofanya, kinachofutika kwanza ni ile orodha inayoielekeza kompyuta faili iko wapi. Faili zenyewe hubaki zimelala palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Windows mpya imeshakalia sehemu ya nafasi hiyo, na kila ukiiwasha, sasisho linaloshuka kutoka intaneti linakalia sehemu nyingine. Kama kompyuta yako ni ya zamani kidogo, yenye diski inayozunguka, una matumaini ya kweli ya kupata faili nyingi. Kama ina SSD, yaani diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka, matumaini ni madogo, maana kompyuta huiagiza SSD isafishe nafasi zilizoachwa wazi, na kilichosafishwa hivyo hakirudi.

Usimrudishie fundi yuleyule, na usimruhusu mtu yeyote kupakua programu ya kurejesha faili na kuiweka kwenye diski hiyohiyo. Luthuli Avenue na Moi Avenue zimejaa mafundi hodari, lakini kutengeneza kompyuta na kurejesha data ni kazi mbili tofauti. Tafuta wa hii ya pili, kisha umwulize swali moja: je, utatoa kwanza nakala kamili ya diski, ndipo ufanye kazi kwenye nakala? Akisitasita, beba kompyuta yako uondoke. Diski ikiwa inatoa mlio wa kugonga-gonga, isiwashwe tena hata kwa kujaribu tu, kwa sababu kila kuwashwa kunaweza kuikwaruza zaidi. Patana bei mapema, na akuandikie kwamba hatatoa wala kubaki na chochote atakachokipata. Humo mna nambari za vitambulisho, PIN za kodi na akaunti za benki za watu 14, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe kuwa mwenye dhamana ya taarifa hizo. (Msomaji ambaye kompyuta yake imeibwa, si kuharibika tu, ajue kwamba sheria hiyo inampa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data ikiwa wizi huo unaweza kuwadhuru watu wake. Aende polisi siku hiyohiyo.)

Lakini usikae ukingoja diski. Hata isipotoa kitu, sehemu kubwa ya ulichopoteza ipo Nairobi hii hii, kwa wengine. Kila mwezi ulipolipa mishahara uliacha nyayo nje ya ofisi yako: KRA, NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), mfuko wa afya, benki, M-Pesa, na mifukoni mwa wafanyakazi wenyewe. Rekodi hizo zina thamani kuliko orodha yako ya Excel, maana ziliandikwa kabla ya mzozo wowote na huwezi kuzibadilisha kimyakimya baadaye. Jenga upya kutoka huko nje kuja ndani. Kumbukumbu yako mwenyewe iwe ya mwisho kuulizwa.

Anza na iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Ritani ya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, unayowasilisha kabla ya tarehe 9 ya kila mwezi, ile P10, ina jina na PIN ya kila mfanyakazi, mshahara wake wa msingi, marupurupu na kodi aliyokatwa. Kwa muundo uliotumika miaka mingi ina hata safu ya malipo ya ovataimu, na safu hiyo utaihitaji tukifika kwa yule mkataji. Ritani ulizowasilisha bado zimo kwenye akaunti ya biashara yako. Zifungue mwezi kwa mwezi kuanzia Januari 2023, uzihifadhi pamoja na risiti zake. Nenosiri likiwa limepotea na kompyuta, utaomba jipya, nalo litatumwa kwa baruapepe iliyosajiliwa. Hapo biashara nyingi ndogo hukwama, kwa sababu baruapepe iliyosajiliwa ni ya karani aliyeondoka au ya kijana wa saiba aliyewafungulia akaunti. Ikiwa ndivyo, chukua kitambulisho na hati za usajili wa biashara uende dawati la KRA kwenye Huduma Centre ya GPO au Times Tower, baruapepe ibadilishwe iwe yako.

Ukishapata P10 zote 12 za mwaka uliopita, suala la P9 limekwisha nusu. P9 ni kadi ya mtu mmoja inayoonyesha mwezi baada ya mwezi yale yale uliyoyaambia KRA: mapato, makato yanayopunguza kodi, nafuu ya kodi na PAYE. Ichukue safu ya kila mfanyakazi kutoka kila P10 na uipange kwenye kadi yake. Fanya hii kwanza, kabla ya mengine yote, kwa sababu tarehe 30 Juni haisubiri na mwenye kuumia ni mfanyakazi wako.

Akaunti yako ya mwajiri kule NSSF ina orodha za michango kwa majina. Malipo ya afya yamegawanyika: hadi Septemba 2024 yalikwenda NHIF, mfuko wa zamani, na kuanzia 1 Oktoba 2024 yanakwenda SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake. Benki itakupa taarifa za miezi yote, na kama ulikuwa ukiituma orodha ya kulipa mishahara kwa baruapepe, fungua barua ulizotuma. Orodha zile bado zimeambatishwa. Kama uliwalipa kwa simu, piga *334# au tumia programu ya M-Pesa uombe taarifa, na ya miezi ya nyuma zaidi uulizie kwenye duka la Safaricom. Kama mlikuwa mkichapisha hati za malipo kwenye saiba, nenda huko pia. Kama zilifika huko kwa baruapepe au WhatsApp, huenda nakala bado iko kwenye simu ya mtu. Na mpigie karani wako wa Mombasa leo hii. Mwombe atafute kwenye baruapepe yake faili zote zilizoenda benki na saiba, na mwulize kama kompyuta ile iliwahi kufunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, maana Windows mara nyingi hutuma folda ya Documents na eneokazi kwenye OneDrive bila mwenye kompyuta kujua. Jaribu kuingia kwenye akaunti hiyo kupitia simu.

Sasa kazi yenyewe. P10 inakupa mshahara kabla ya makato. Benki au M-Pesa inakupa kilichomfikia mtu mkononi. Katikati mna makato ya sheria, ambayo unaweza kuyakokotoa, na makato yenu ya ndani, yaani advansi, mkopo, chama au sako, ambayo hayakuandikwa kwingine. Chukua mshonaji wa shilingi 30,000 mwezi Machi 2025. NSSF ni 1,800, SHA ni asilimia 2.75 ambayo ni 825, na ada ya nyumba (ile ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu) ni asilimia 1.5 ambayo ni 450. Zinabaki 26,925 za kutozwa kodi. Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400, na 2,925 zilizobaki kwa asilimia 25 ni 731.25; ukiondoa nafuu ya kodi ya 2,400, PAYE ni 731.25. Mkononi alipaswa kupata 26,193.75. Kama M-Pesa inaonyesha ulimtumia 21,194, basi 5,000 zina maelezo, na mara nyingi maelezo hayo yako kwenye taarifa hiyohiyo ya M-Pesa: utakuta ulimtumia 5,000 katikati ya mwezi. Hiyo ndiyo advansi yake, ina tarehe na saa.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Usitengeneze fomula moja ukaiburuta kutoka Januari 2023 mpaka leo. Katika kipindi ulichopoteza sheria zimebadilika karibu kila upande. Mtu yuleyule wa 30,000 alikatwa NSSF ya 200 Januari 2023. Kuanzia Februari 2023 ikawa 1,080. Kuanzia Februari 2024 ikawa 1,800. Kwa wenye mishahara mikubwa kiwango cha juu kilipanda tena Februari 2025, kutoka 2,160 hadi 4,320. Kwa afya alilipa 900 za NHIF hadi Septemba 2024, kisha 825. Ada ya nyumba ilianza Julai 2023, ikasimama baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 26 Januari 2024, ikarejea kwa sheria mpya iliyoanza 19 Machi 2024. Na ni kuanzia 27 Desemba 2024 tu ambapo ada hiyo na mchango wa SHA vilianza kuondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, kama nilivyofanya kwenye mfano wa Machi. Kila mwezi uhesabu kwa sheria ya mwezi ule. Hesabu yako isipolingana na P10, iliyowasilishwa ndiyo iliyowasilishwa: andika tofauti pembeni, usiibadilishe ili ifanane. Kama utagundua kosa la kweli kwenye ritani ya zamani, njia ni kuirekebisha kule KRA.

Likizo na siku ambazo watu hawakuja hazimo kwenye mifumo ya serikali. Hapo utategemea daftari la mahudhurio, daftari la bawabu, ujumbe wa WhatsApp wa "mama, leo mtoto ni mgonjwa", na vitabu vya oda. Waite wafanyakazi pia. Waambie wazi kilichotokea, uwaombe walete hati za malipo walizonazo na ujumbe wa M-Pesa. Mtu aliyewahi kuomba mkopo benki au sako huwa na hati za miezi kadhaa nyumbani. Toa nakala, mrudishie zake.

Hilo linanifikisha kwa shemeji. Nakusihi usimsikilize. Kuchapa karatasi leo na kuipa tarehe ya mwaka juzi ili ionekane ya wakati ule ni kughushi, na ni kosa la jinai. Utakuwa umewaingiza na washonaji wako, ambao watatia sahihi kwa kuwa wewe ndiye mwajiri wao na hawana ujasiri wa kukataa. Na haitakusaidia. Makadirio yako hayatalingana na P10 zilizoko KRA wala na taarifa za benki, na wakili wa yule mkataji atahitaji kuonyesha mwezi mmoja tu usiolingana ili hata miezi iliyo sahihi isiaminike tena. Rekodi unayoijenga upya iite kwa jina lake: orodha ya mishahara iliyokusanywa upya, tarehe ya leo, na mbele ya kila tarakimu useme imetoka wapi. Iambatishe na maelezo mafupi ya tukio, kompyuta iliharibika lini na fundi alifanya nini, yatiwe sahihi na mpwa wako na fundi mwenyewe akikubali. Pale ambapo hujapata ushahidi, acha wazi. Pengo lililokiriwa linaweza kuelezwa mbele ya afisa wa leba au hakimu.

Barua ya wakili usiifungie mezani. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atunze rekodi, na zikikosekana kwenye kesi mzigo wa kuthibitisha mlivyokubaliana unakuangukia wewe. Mpe barua hiyo wakili wako sasa, ajibu kwamba rekodi zinakusanywa na aombe nakala za hati za malipo alizonazo mkataji. Wewe tafuta mambo mawili. Kwanza, P10 za miezi yenu ya msimu. Biashara ya sare kwa kawaida hufurika kabla shule kufunguliwa Januari, na kama ulimlipa saa za ziada, ni katika miezi hiyo zitaonekana zaidi, ama kwenye safu ya ovataimu au kama mshahara uliozidi wa kawaida. Pili, likizo. Sheria inampa siku 21 za kazi kwa mwaka. Angalia daftari la mahudhurio: kuna wiki ambazo hayupo huku mshahara wake umeingia kamili? Hiyo ni dalili nzuri ya likizo yenye malipo. Lakini pia uwe tayari kwa upande wa pili. Ukikuta kuna mwezi alifanya kazi usiku na hela haionekani popote, mlipe. Usiende mahakamani kupigania ovataimu ambayo karatasi zako mwenyewe zinaonyesha hukuilipa.

Swali lako la mwisho lina jibu fupi: hapana, wasisubiri. Mshahara wa mwezi unadaiwa mwezi unapoisha, na kuharibika kwa kompyuta ya ofisi si kosa la mshonaji mwenye kodi ya nyumba ya kulipa. Na huna haja ya rekodi zote ili kulipa mwezi mmoja. Chukua P10 ya mwezi uliopita kama msingi, weka viwango vya sasa, ongeza au punguza kwa daftari la mahudhurio la mwezi huu. Advansi za mwezi huu zitoe kwenye M-Pesa, na kila mtu athibitishe ya kwake kwa sahihi yenye tarehe ya leo. Mpe kila mmoja hati ya malipo yenye makato yote. Wasilisha PAYE na ada ya nyumba, lipa NSSF na SHA kabla ya tarehe 9, kwani ritani ya PAYE ikichelewa faini ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Kisha chapisha orodha nzima, mtie sahihi, iingie kwenye faili la karatasi, na nakala ya PDF itumwe kwa baruapepe yako siku hiyohiyo. Faili hilo litunze angalau miaka 5, kama sheria ya kodi inavyotaka. Kosa lolote litakalogundulika baadaye kwenye mshahara wa mwezi huu lirekebishwe mwezi unaofuata, liandikwe kwa mstari wake kwenye hati ya malipo ya mhusika, na umweleze kabla hajaliona.